Maswali yenu: mtoto anasoma kweli au amekariri?

"Mwanangu yuko la pili, kitabu chake anasoma ukurasa mzima bila kukwama ila nikimpa gazeti hajui hata neno. Nimpeleke akapimwe macho?"

Macho mazima hayo mama, huyo amekariri. Darasa limejaa, mwalimu anasoma watoto wanaitikia, baada ya wiki ukurasa wote uko kichwani na picha ndo inamkumbusha. Mpime leo leo: funika picha kwa mkono, afu mwoneshe neno la katikati ya mstari. Ukiona midomo inacheza, anaanzia mwanzo wa mstari ili alifikie, jibu umeshapata. Kata boksi la sabuni vipande, andika silabi moja moja, ka, ta, bu, li, apange na asome hata butali au likabu, maana hayo hakuna aliyemkaririsha. Akiziweza ndo uende mbwa, nywa, ng'o, hapo wengi wanakwama na ndo hapo wazazi mnaacha kufuatilia. Mtaala wa la kwanza na la pili ulibadilishwa 2015, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zikawekwa mbele kwa sababu watoto walikuwa wanapanda madarasa hawajui kusoma, na bado mnaniletea ripoti za "nafasi ya tatu" kama ushahidi!

"Ana miaka sita, anageuza b na d."

Kawaida kwa umri huo. Achore kwa kidole mchangani, herufi moja kwanza mpaka ikae, ndo nyingine. Na usimchape.

"Tuisheni ya chekechea iwe masaa mangapi?"

Hakuna. Kila wiki mnauliza hili, mwacheni acheze.

"Nimhamishie English medium ajue kusoma haraka?"

Haraka kwa lipi? Kiswahili a ni a popote uikute, Kiingereza herufi ile ile inabadilika sauti neno kwa neno, kwa hiyo mtoto aliyeshajua kusoma Kiswahili anakuwa na pa kuanzia. Kama hela ipo mpeleke, ila msipige marufuku Kiswahili nyumbani wakati Kiingereza chenyewe mnaunga unga. Nakutana na watoto wa la tatu wanashindwa kueleza kwa lugha yoyote nani kawapiga shuleni, na hilo ni hatari kuliko maksi.

"Anaandika chakura, mwalimu anamkata maksi."

Anaandika anavyosikia, sikilizeni mnavyoongea nyumbani. Mpe imla ya jozi: kula na kura, mahali na mahari, kila neno ndani ya sentensi.

"Nyumbani kasuku, darasani bubu."

Uliza kwanza akikosea darasani kinatokea nini, kama ni fimbo au kuchekwa atanyamaza mpaka la saba. Ongea na mwalimu aanze kumsomesha mbele ya wenzake wawili watatu tu. Nyumbani acha "leo mmesoma nini", atakujibu "hesabu" basi. Mtume dukani, akirudi akusimulie alimkuta nani na walisemaje, na akisita usimmalizie sentensi, subiri aitafute mwenyewe hata kama mboga inaungua.