Swala wa Nembo Yuko Kulia au Kushoto?

SWALI: Mhariri shikamoo. Kwa nembo yetu ya taifa la Uganda mimi naona swala yuko kushoto na korongo yuko kulia, sasa jamaa yangu hapa Jinja anasema wataalamu wa nembo wanaandika eti swala ndio yuko kulia. Nani anadanganya?

JIBU: Marahaba. Hakuna mwongo hapo ndugu yangu, wataalamu wanahesabu upande wa yule aliyeshika ngao siyo wewe unayeitazama, kwa hiyo kushoto kwako ni kulia kwake, na upande huo wanauita deksta, Kilatini cha kulia, halafu kushoto ni sinista, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya mkosi, maskini korongo wetu hana hata kosa! Lakini lenye utamu ni gyulesi, yaani nyekundu, kama ile ya bendera yetu: limetoka Kifaransa cha zamani, neno la koo, sababu watu walivaa shingoni manyoya yaliyotiwa rangi nyekundu. Nyeusi nayo ni sebo, jina la mnyama wa manyoya ya bei kali. Mawimbi juu ya ngao ni ziwa Victoria, hiyo hata mtoto anajua.