Bibi harusi hakukonda, video ndiyo iliyobanwa

Shangazi yangu aliyeko Muscat alinipigia simu siku moja baada ya kutazama video ya harusi ya dada yangu, niliyompelekea kiungo chake usiku uliotangulia. Salamu alizipitia haraka haraka. "Mwanangu, huyu bibi harusi mlikuwa mnamnyima chakula?"

Nilicheka, nikaifungua mwenyewe. Kweli bwana. Kila mtu karefuka kama mlingoti. Mjomba, ambaye tumbo lake huingia mlangoni kabla yake, alikuwa mwembamba kama kijana wa jando.

Harusi yenyewe ilikuwa Tanga, mwaka 2006, ikapigwa kwa kamera ya kanda ndogo za MiniDV, na mpigaji aliiweka kwenye picha pana. Kwa hiyo kamera haikukosea. Niliyekosea ni mimi, wakati wa kuhamisha kanda kwenye kompyuta na kutoa faili ya kupandisha YouTube.

Kanda za DV za mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika kwetu, hurekodi pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 720 kwa 576. Uchague picha pana ya 16:9 au ile ya zamani ya 4:3, pikseli ni hizo hizo. Sasa picha pana inaingiaje humo? Inabanwa mbavuni. Kisha kamera inaandika alama ndogo ndani ya data, kama vile kumwachia mtu ujumbe: ukiionyesha hii, itanue. Kifaa kinachoisoma alama hiyo huwarudishia watu miili yao. Mimi nilitoa kanda kwa zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kupitia kidude cha USB cha bei chee, na alama ikapotelea njiani. Kama kamera yako bado ina tundu la FireWire na unaweza kupata kompyuta yenye tundu hilo, tumia njia hiyo. Inachukua data ya kanda kama ilivyo pamoja na alama yake. Tenga nafasi tu, maana saa moja ya kanda hula karibu gigabaiti 13.

Utajuaje kama video yako imebanwa, wakati jicho nalo huzoea? Tafuta kitu cha duara. Mimi nilisimamisha video pale sinia la biriani lilipopigwa kutoka juu, nikachukua rula ya mtoto nikaiweka kwenye kioo cha kompyuta. Kimo sentimita 10, upana 7. Hicho ndicho kipimo cha picha pana ya PAL iliyosahaulika kutanuliwa, kwa sababu 720 ni kama asilimia 70 ya 1024, na 1024 kwa 576 ndiyo saizi yake ya haki.

Namba hiyo, 1024 kwa 576, ndiyo ninayoiandika sasa kila ninapotoa kanda hizi kwa ajili ya mtandao. Kuna wanaopendelea kuacha 720 kwa 576 na kuweka alama tu kwenye faili. Siwaungi mkono. Simu na programu nyingine hazijali alama, na video ikishapita mikono mitatu ya ndugu hujui nani ataifungulia wapi. Afadhali upana uwe kwenye pikseli zenyewe. Kwenye programu ya kuhariri, fungua sifa za klipu, iambie ni PAL ya picha pana, kisha toa kwa pikseli za mraba, yaani zenye upana sawa na kimo. Asiyeogopa kuandika amri, ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video, inamaliza kazi kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.avi -vf "yadif,scale=1024:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac harusi.mp4

Hilo neno yadif linaondoa ile mistari kama meno ya chanuo inayotokea mtu akitembea haraka. Usiliruke.

Jambo moja zaidi, nalo linaniudhi kuliko mengine: kuchoma mapande meusi juu na chini ya picha. Wengi tulijifunza tabia hiyo enzi kioo cha YouTube kilipokuwa cha 4:3. Novemba 2008 wakakibadilisha kuwa kipana, na zile video zenye mapande zikaongezewa meusi ya pembeni pia. Matokeo yake ni picha ndogo katikati ya giza, kama unachungulia harusi kupitia tundu la ufunguo. Usiongeze chochote, mtandao utajaza wenyewe. Kama ulishachoma na kanda imepotea, kata mistari 72 juu na 72 chini, halafu tanua kilichobaki hadi 16:9. Ukali hautarudi wote, kwa kuwa robo ya mistari ilikwenda na weusi.

Basi nikairudia kazi yote, nikajiona fundi, nikampelekea shangazi. Simu ikalia tena. Safari hii nusu ya kwanza ilikuwa safi, lakini kuanzia kwenye kukata keki watu wote walikuwa wamenenepeana ghafla. Kumbe katikati ya kanda mtu alibonyeza kitufe, kamera ikarudi 4:3, nami nikaitanua sehemu hiyo pia. Sehemu ya namna hiyo inatakiwa ibaki 768 kwa 576, iketi katikati ya fremu pana na weusi wa pikseli 128 kila upande. Hapo tu ndipo ninapoukubali weusi.

Aliyebonyeza tumemjua, maana sauti yake imo kwenye kanda: "Hiki ni cha nini?" Ni mjomba.