Mume wangu akishikwa na kichwa usiku, anauza mpaka mashine ya kazi

*Shangazi, mume wangu ana miaka 37, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila mwaka ikifika Mei anaanza kuumwa nyuma ya jicho la kulia, saa sita na nusu usiku, karibu kila siku kwa wiki sita au saba. Jicho linavuja machozi, kope inalegea. Anazunguka chumbani na kupiga kichwa ukutani. Mwaka huu amevunja televisheni, amekopa kwenye simu, na juzi saa nane usiku ameiuza mashine yake ya kuchomelea kwa theluthi ya bei, kwa ujumbe tu. Asubuhi analia. Mama mkwe anasema ni majini. Diklofenaki na tramado hazimsaidii. Msimu ukiisha ni mtu mtulivu, ila kubeti anabeti mwaka mzima. Huu ni ugonjwa au ndiyo tabia yake? Niondoke?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Mama Wawili, mwanangu, hayo uliyoyaandika yanafanana sana na maumivu ya kichwa ya klasta: upande mmoja, jicho lenye machozi, kope kulegea, saa ileile ya usiku, msimu uleule wa mwaka. Shambulio moja huchukua kati ya dakika 15 na saa tatu, na kwa siku yanaweza kufika manane. Saa ya mwili iliyo ndani kabisa ya ubongo inahusika, ndiyo maana maumivu yanajua muda kuliko muadhini. Mwenye kipandauso hutafuta giza na kulala kimya. Wa klasta hawezi kutulia. Kuzunguka, kuyumba na kujigonga ukutani ni dalili ambayo daktari huitafuta. Majini hayamo, na mganga asimchanje chale.

Sasa swali lako. Naona umeweka kapu moja kukurupuka kwa aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni ya ndani ya shambulio: televisheni na ukuta. Hapo usibishane naye, usimkumbatie, usimshike mikono. Wengi wao hawataki kuguswa. Kabla ya kulala ondoa vioo, nyundo na stuli njiani, acha taa hafifu, waambie watoto baba akiamka anaumwa na wasitoke chumbani kwao. Ila nikuambie wazi: maumivu haya humfanya mtu ajigonge mwenyewe. Akikupiga wewe au watoto, hiyo haina cheti cha daktari. Toka na watoto usiku huohuo.

Ya pili ndiyo iliyouza mashine. Mtu aliyeamshwa na maumivu wiki nne mfululizo hajalala, anaogopa usiku unaokuja, na maumivu yakikatika saa nane anajiona amefufuka. Saa hiyo atakubali bei yoyote na kubonyeza chochote. Kumhubiria subira hakutasaidia. Weka muda kati ya wazo na kitendo. Kaeni mchana, siku aliyolala angalau kidogo, muandike kwenye daftari: katika msimu, hakuna kuuza, kukopa wala kuacha kazi kati ya saa tatu usiku na saa tatu asubuhi, na kinachozidi shilingi 50,000 kinasubiri siku mbili na kinahitaji ninyi wawili. Laini yenye pesa ilale kwako, abaki na simu ya kupiga tu. Lazima akubali mwenyewe. Ukimnyang'anya akiwa kwenye maumivu, umeongeza ugomvi juu ya ugonjwa.

Ya tatu ni kubeti. Msimu ukishapita, usiku analala vizuri, na bado anabeti? Hiyo si klasta, mwanangu. Asiifiche nyuma ya jicho linalovuja. Izungumzieni msimu ukiisha, kama jambo lake lenyewe.

Lakini hayo yote ni kuzuia maji kwa kiganja kama maumivu hayajatibiwa. Vidonge anavyomeza huchelewa. Vinapoanza kufanya kazi shambulio limeshakwisha lenyewe, naye anadhani vimesaidia na kuongeza. Tramado humjengea utegemezi, na dawa za maumivu zikimezwa siku nyingi za mwezi huweza kuleta maumivu mengine ya kichwa juu ya haya.

Kinachokata shambulio ni oksijeni. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009, lita 12 kwa dakika kwa muda wa dakika 15 ziliondoa maumivu au kuyapunguza vya kutosha katika mashambulio 78 kati ya 100. Hewa ya kawaida ilifanya hivyo katika 20. Inaposhindwa, mara nyingi kosa ni la vifaa. Barakoa iwe ile yenye mfuko na vali zisizorudisha pumzi, si mirija ya puani. Kipima mtiririko kifike lita 15. Mashine ndogo ya umeme ya lita 5 haitoshi. Mfuko ujae kwanza, kisha avae, akae ameinama mbele, aanze dakika ya kwanza ya maumivu na asivue mpaka dakika 15 au 20 ziishe. Mtungi mdogo wa lita 680 unaisha chini ya saa moja, yaani mashambulio matatu hivi, kwa hiyo ulizeni mtungi mkubwa wa kukodi. Kama ana ugonjwa wa mapafu, daktari ajue kabla.

Najua anachokifikiria fundi wako: oksijeni ipo karakana. Hapana. Mpira wake umepita kwenye mafuta na vumbi la chuma, na rigyuleta yake haikutengenezwa kwa pua ya mtu. Hata mtungi wa hospitali usikae karibu na jiko la mkaa, sigara wala mikono yenye grisi, na ufungwe wima usianguke.

Ipo pia sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi, isiyozidi mbili kwa saa 24, na haimfai mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa. Ya kuzuia msimu ni verapamili, inayopandishwa taratibu huku moyo ukipimwa kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Kwa siku za mwanzo daktari anaweza kumpa prednisoloni. Hiyo ninyi muiangalie kwa macho mawili: kwa dozi kubwa humnyima mtu usingizi, huweza kumchangamsha kupita kiasi na kumfanya atumie pesa ovyo. Aimeze asubuhi, asiinunue mwenyewe dukani, na akianza kuongea bila kituo au kupanga biashara tano kwa siku, mrudishe kwa daktari.

Pombe katika msimu aiache kabisa. Bia moja huweza kuleta shambulio ndani ya saa moja, ingawa Desemba aliinywa bila shida, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Nenda naye hospitali ya rufaa, omba daktari wa mishipa ya fahamu. Beba daftari la wiki mbili (saa ya kuanza, saa ya kuisha, jicho gani, alichomeza, alikunywa nini) na video ya dakika moja ya jicho likivuja. Daktari akitaka picha ya ubongo mara moja, mkubali. Homa, shingo kukakamaa, mkono kulegea au maumivu ya aina mpya kabisa hayangoji miadi.

Na mumeo muulize kwa maneno haya haya: "Usiku maumivu yakizidi, unafikiria kufa?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake, dawa na sumu ya wadudu zitoke nyumbani, na mwende hospitali leo.

Kuondoka? Mimi ningengoja msimu mmoja wenye oksijeni ndani ya nyumba kabla ya kuamua, madamu hajakugusa.

Mashine: mwendee aliyeinunua mchana, wewe na shemeji yako, na pesa yote aliyotoa mkononi, kabla hajaiuza kwa mwingine.