Hatua ya 0: kama kansa haijasambaa, mionzi ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 52. Sikuwa na uvimbe wala maumivu, nilienda kupiga picha ya matiti kwa kuwa umri umefika. Wakaona vidoti vya chokaa titi la kushoto, wakanichoma sindano na kuchukua vinyama. Majibu yanasema: "DCIS, daraja la 3, nekrosisi ipo, vipokezi vya estrojeni vipo." Kwenye picha eneo lina milimita 18. Daktari wa kwanza anasema ni kansa hatua ya 0, tutoe kipande kisha mionzi. Wa pili anasema tutoe titi lote tumalizane nayo. Je, hii ni kansa au siyo? Kama haijasambaa, mionzi ya nini? Niache maziwa na dagaa kwa ajili ya hiyo chokaa? Na nimeshachelewa?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na la mwisho: hujachelewa. Wiki chache za kutafuta maoni ya pili hazitakudhuru. Kitakachokudhuru ni kuiweka karatasi hiyo kabatini kwa miezi kadhaa kwa sababu husikii maumivu.

Maziwa na dagaa endelea navyo. Chokaa ile haitoki kwenye chakula. Ndani ya titi kuna vijifereji vinavyopitisha maziwa, na ndani ya vijifereji hivyo hakuna mishipa ya damu. Lishe hupenya kutoka nje ya ukuta. Seli zako zimezaliana hadi zikajaza kijifereji, zile za katikati zikawa mbali na damu, zikafa njaa. Hiyo ndiyo "nekrosisi" uliyoisoma. Mabaki yao yakashika kalsiamu, na kalsiamu huonekana nyeupe kwenye picha, mithili ya chumvi iliyonyunyizwa kwa mstari. Kwa hiyo vile vidoti si kansa yenyewe. Ni mabaki yaliyotuonyesha ilipo.

Ni kansa? DCIS ni seli za kansa zilizo ndani ya vijifereji vya titi tu. Ukizitazama kwa darubini, seli zenyewe ni za kansa. Ila hazijatoboa ukuta wa kijifereji, na seli isiyotoboa ukuta haina njia ya kufika kwapani, kwenye ini wala kwenye mfupa. Ndiyo maana huhitaji dripu za kemo. Tatizo ni kwamba baadhi ya seli hizi hutoboa baadaye, na hatuwezi kusema kwa uhakika zipi. Daraja, tofauti na hatua, hueleza seli zimebadilika kiasi gani, na la 3 ndilo tunaloliogopa zaidi. Huenda umesikia kuna wanawake wanaofuatiliwa tu bila kupasuliwa. Ni kweli, utafiti wa COMET wa Marekani ulitoa majibu ya miaka miwili mwaka 2024 na yanatia moyo, lakini uliwachukua wenye daraja la 1 na la 2 peke yao. Wewe humo hamkuhusu.

Sasa madaktari wako wawili. Hawapingani sana kama inavyosikika. Kutoa titi lote hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi upande ule hadi takriban 1 au 2 kwa kila 100. Kutoa kipande huacha uwezekano mkubwa kuliko huo. Lakini ukihesabu maisha, waliotolewa kipande na waliotolewa titi lote huishi sawa, na wanaokufa kwa ugonjwa huu ni wachache: uchunguzi wa wanawake zaidi ya 100,000 uliochapishwa 2015 ulikuta vifo 3.3 kwa kila 100 katika miaka 20.

Mionzi inaingia hapa. DCIS hutambaa ndani ya kijifereji, na pengine huruka sehemu safi kisha ikajitokeza mbele. Mpasuaji haioni kwa macho wala haisikii kwa vidole. Hukata akiongozwa na waya au alama nyingine iliyowekwa kwa msaada wa picha, kisha kipande hupigwa eksirei kuhakikisha chokaa yote imo. Mtaalamu wa patholojia hukipaka wino pande zote, mara nyingi kila upande rangi yake, hukikata vibanzi na kupima umbali kati ya ugonjwa na wino. Tunataka milimita 2 au zaidi. Hata umbali huo ukipatikana, vijiseli vinaweza kuwa vimebaki. Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1985 ulionyesha kwamba mionzi baada ya kutoa kipande hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Nasisitiza hili kwa sababu ugonjwa ukirudi, takriban nusu ya mara hurudi ukiwa umeshatoboa ukuta.

Kwa milimita 18 zilizo mahali pamoja, mimi ningeanza na kipande na mionzi. Titi lote ningelitoa kama ugonjwa uko sehemu mbili zilizoachana, kama titi ni dogo kiasi kwamba kipande kitaliharibu umbo, kama kila tukikata upya ugonjwa unakutwa umegusa wino, au kama uliwahi kupigwa mionzi kifuani. Na kama wewe mwenyewe unaona hutapata amani likiwepo, hiyo nayo ni sababu. Ila ukichagua hivyo, waombe wapime tezi ya kwanza ya kwapani, ile ambayo ugonjwa ungeifikia kwanza, siku hiyo hiyo, maana titi likishaondoka njia ya kuitafuta tezi hiyo imepotea.

Vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hiyo ya kike, vikiwepo, utapewa uchaguzi wa kidonge kila siku kwa miaka 5: tamoksifeni, au cha aina nyingine kama hedhi imeshakoma kabisa. Hulinda na titi la pili pia. Tamoksifeni huleta joto la ghafla mwilini, na kwa wachache damu kuganda au kansa ya mji wa mimba, kwa hiyo mweleze daktari kama uliwahi kuvimba mguu kwa damu kuganda.

Jambo moja ujiandae nalo: sindano ilionja sehemu tu. Kipande kizima kikichunguzwa, wakati mwingine hukutwa mahali ukuta umetobolewa. Ikiwa hivyo, si kwamba mtu alikosea. Kwapa litapimwa na matibabu yatapangwa upya. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba "imetoka yote". Omba nakala ya majibu na utafute mambo matatu: kama pametobolewa, ukubwa kwa milimita, na umbali hadi kwenye wino. Nitumie hayo matatu, tuendelee kuanzia hapo.