Mwanangu, chokea haitobolewi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na picha nimeiona. Unauliza kama umruhusu jirani yako amtoboe mjukuu wangu kwa sindano hicho kijipu cha kwenye kope, kwa kuwa kimeshaiva na asubuhi jicho linaamka limegandana kwa tongotongo. Usimruhusu. Na wewe usikiminye.

Hiyo ni chokea. Penye mashina ya kope kuna vitezi vya mafuta. Kimoja kikiziba, bakteria ambao siku zote wamo kwenye ngozi zetu huzaliana humo, pakavimba na kutunga usaha. Ukiminya, maambukizi yanaweza kusambaa kwenye kope nzima. Mimi yamenipata. Nilikuwa na miaka 9, hapa hapa Ujiji, shangazi akanibinya kwa kucha, na alikuwa akinihurumia kweli. Kulipokucha uso ulikuwa umevimba hadi shavuni, mwili unachemka, nikalazwa siku 4. Lile pengo la kope kwenye jicho langu la kushoto, ulilokuwa ukilishikashika ulipokuwa mdogo, lilianzia hapo. Sikukusimulia kwa sababu shangazi alikuwa hai na nilimpenda.

Wewe mkande tu. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, uyajaribu kwanza kwenye mkono wako kwa ndani, maana ngozi ya kope ni nyembamba mno na huungua upesi. Chovya kitambaa safi, kamua, mwekee akiwa amefumba jicho kwa dakika 10 hadi 15, ukichovya tena kila kinapopoa. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Lile joto hulainisha mafuta yaliyoziba, na chokea hupasuka yenyewe ikifika wakati wake. Nawa kwa sabuni kabla na baada, na taulo lake asiligawane na dada yake. Maziwa ya mama usimkamulie, wala matone ya dukani usinunue kwa kubahatisha. Kwa kawaida wiki moja au mbili hazipiti kabla haijaisha. Kikibaki kivimbe kigumu kisichouma, endelea kumkanda, na kikikaa mwezi kaone mtaalamu wa macho.

Lakini wekundu ukienea kope nzima au shavuni, akapata homa, akasema haoni vizuri, au jicho likamuuma akiligeuza, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali ya Kitete saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Halafu hilo la wenzake kumcheka kwamba kachungulia watu wakioga, ndiyo maana kaota chokea. Limeniuma kuliko uvimbe wenyewe. Nasi tuliambiwa hivyo, nami nilipolazwa nililia kwa aibu ya jambo ambalo sikulifanya. Mjukuu wangu asiyapitie hayo. Nipigie leo jioni ukimaliza kumkanda, umpe simu, nimwambie mwenyewe.

Mama yako