Kubadili jina la kampuni ya unga: nembo isubiri kwanza

Mkuu, umesema kampuni yenu ya kusaga na kufungasha sembe hapo Iringa inataka jina jipya kwa sababu la sasa ni la ukoo wa mwanzilishi, wanahisa wameongezeka, na mchoraji wa nembo ameshawapa bei. Nilikuwa upande wa mauzo kwenye kampuni ya unga na mchele hapa Mbeya tulipobadili jina, na soko halikuyumba. Huyo mchoraji mwambieni asubiri.

Sisi tulianzia madukani: Mwanjelwa, Soweto, Uyole, mpaka Tunduma. Tunakaa pembeni, tunasikiliza wateja wanatuitaje. Jina la kampuni halikutajwa kabisa. Mama anafika, anasema, "Nipe ule wa kijani wenye jembe, kilo tano," na muuzaji ananyoosha mkono bila kuuliza. Basi jina likabadilika, kijani na jembe vikabaki palepale mbele ya mfuko. Baadhi ya wakubwa walitaka mfuko mweupe, na kwa macho ulipendeza. Nilibisha sana kwenye kikao kile, na ningebisha tena leo. Msijipime na kampuni za simu. Celtel ilipokuwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel 2010, au Tigo ilipokuwa Yas mwishoni mwa 2024, walikuwa na fedha za kujaza redio na mabango nchi nzima. Ninyi mna mfuko tu wa kuwasemea dukani.

Kwenye makaratasi, tafuteni kwanza kama jina liko wazi BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Wanahisa wapitishe azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura, kisha maombi yanakwenda kwa mtandao mpaka mpate cheti cha kubadili jina. Kampuni ni ileile, kwa hiyo madeni na mikataba inaendelea. Alama ya biashara isajilini peke yake, maana jina la kampuni kusajiliwa hakulindi kilichochapwa kwenye mfuko. Usajili huo ni wa miaka 7, halafu unahuishwa kila miaka 10. Baada ya hapo badilisheni jina TRA na kwenye mashine ya EFD ya kutolea risiti, leseni ya halmashauri, benki, na TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya lebo. Mifuko mipya ichapwe cheti kikiwa mkononi, na ile ya zamani iishe kwanza.

Kitu ambacho wengi hawakipi uzito ni Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu. Mteja wa jumla anataka kutuma fedha ya tani nzima, simu inamwonyesha jina asilolijua. Ataghairi, na ana haki. Hakikisheni jina hilo linabadilika wakati uleule mifuko mipya inashuka madukani. Shule za bweni mnazouzia wapelekeeni barua mapema pamoja na nakala ya cheti, la sivyo mhasibu atakataa ankara yenye jina geni.

Madereva na wapakiaji waambiwe kabla ya wateja, kwa sababu wao ndio wataulizwa kama kampuni imeuzwa. Kwenye mfuko wekeni mstari wa "zamani tuliitwa..." kwa msimu mzima. Na msifanye haya mahindi mapya yakiwa yanaingia, Juni mpaka Agosti, kinu hakitawapa nafasi.

Hebu pitia maduka machache hapo mjini kwanza, kisha uandike hapa wateja wanauitaje unga wenu, tujue cha kubakiza.