Pedali ya breki yabonyea kama sponji

SWALI: Ndege ni Cessna 172, yalala hapa Uwanja wa Moi. Tulibadilisha oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) za kaliperi ya kushoto, yaani kibanio cha breki gurudumuni, na tangu hapo pedali ya upande huo yazama mpaka uikanyage mara tatu nne ndipo ishike. Tumetoa hewa kama tufanyavyo kwenye gari: mmoja akanyaga, mwengine afungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kaliperi. Wapi! Mwenzangu asema pia tuongeze mafuta ya breki ya gari, DOT 4. Yafaa?
Fundi mwanafunzi, Changamwe

JIBU: Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo penye hasara. DOT 4 usitie hata tone. Breki za 172 hutumia mafuta mekundu ya madini, MIL-H-5606, na oringi zake zimeundwa kwa mafuta hayo. Mafuta ya breki ya gari yana glaikoli, kemikali isiyopatana na oringi hizo. Huzivimbisha na kuzilainisha, kisha breki huvuja au hung'ang'ania. Ikiwa mmeshatia, kuyamwaga hakutoshi: fungueni mfumo, usafisheni, mbadilishe oringi na mipira yote iliyoguswa.

Sasa hewa. Hewa hupanda. Masta silinda zenu, yaani pampu zinazosukuma mafuta ya breki, ziko kwenye pedali za rubani, kila moja na tangi lake dogo juu, na kaliperi iko chini kabisa. Mkikanyaga, mwaisukuma hewa iteremke kwa mafuta kidogo sana kila mara. Mguu ukiachia, povu lapanda tena lilikotoka. Kwa hivyo pampeni kutoka chini.

Wekeni vizuizi magurudumuni, breki ya kuegesha iwe imeachiwa. Ondoeni kizibo cha masta silinda ya kushoto, fungeni hapo mpira mwangavu, na ncha yake ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta yale yale mekundu. Chukueni kopo la mafuta lenye pampu ya mkono, lijazwe mafuta mapya, na mpira wake mutangulize kuujaza hadi utoe mafuta matupu. Wengi husahau hili, wakaingiza hewa waliyokuja kuitoa. Uungeni kwenye skrubu ya kutolea hewa ya kaliperi, ilegezeni, kisha pampeni polepole huku mwengine akitazama chupa. Povu likikoma, kazeni skrubu kwanza ndipo mutoe mpira. Muda wote huo pedali isiguswe: ikikanyagwa, njia ya kurudi tangini hufunga na mafuta hayana pa kupita. Lita moja yatosha pande zote mbili na kubaki.

Pedali ikiwa ngumu lakini yateremka taratibu ukiishikilia, hiyo si hewa tena. Mafuta yapita ndani ya masta silinda, au kuna pahali pavuja. Pimeni na unene wa pedi pia, vile vipande vinavyobana diski: zikibaki inchi 0.100, yaani milimita 2.5, badilisheni.

Chumvi ya bahari yetu hula skrubu hizo, kwa hivyo kofia ya mpira irudishwe kila mara. Kabla ndege haijaondoka, mhandisi mwenye leseni akague na atie sahihi kitabuni.